Kijana wa Suti Nyeusi

Oberweiching, 21 Oktoba 1991

Ottmar, mdogo wangu,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ipo dukani pembeni ya mizani, na Baba anakaa hapo hapo kutwa. Ninachotaka kusema kinamhusu yeye.

Tulirudi salama kutoka kwenye opera yako. Wendelin na wanakwaya wake waliimba njia nzima, mpaka dereva akasema akisikia ubeti mwingine analiingiza basi mtoni. Utusamehe kwa kuchelewa. Tulisimama njiani kula, Wendelin akamwona mama mwenye mkahawa kanuna, basi akawapanga wanaume wake katikati ya meza wamwimbie. Nikamwambia, "Wewe Wendelin, tunakwenda kusikiliza au kuimba?" Akanijibu, "Zenzi, sauti lazima ipashwe moto." Kwani yeye ndiye alikuwa anapanda jukwaani? Tulipofika mlango ulishafungwa, tukapita mbio kila kitu, na yule bibi wa mlangoni akatuweka nje kama watoto watoro mpaka okestra ilipomaliza ule muziki wa kufungulia. Kisha akatupandisha juu kabisa, roshani ya kulia, huku anatufanyia "shhh" hata sisi tuliokaa kimya.

Lakini Ottmar, ulivyoimba! Miaka yote hiyo wewe na hiyo sauti yako nzito ya besi-baritoni mmekuwa mapadri, mashetani na baba wa bibi harusi. Safari hii wamekupa ufalme, na sauti ikatoka kama ya mtu wa miaka thelathini. Wendelin anasema ni bia ya huko. Wakati wa mapumziko mama mmoja kwenye foleni ya choo akaniambia, "Yule kijana leo ametuokoa." Nikamjibu, "Kijana? Ana miaka hamsini na moja, ila asante, nitamwambia."

Sasa niambie, yule wa suti nyeusi aliyetoka kuinama na wewe mwishoni ni nani? Hata nguo za mchezo hakuvaa, na watu wakampigia makofi na kugonga miguu kuliko wewe! Wendelin anasema atakuwa mtoto wa mkurugenzi. Mimi nilikasirika.

Baba sasa. Unamjua. Siku ulipotoka na sanduku lako alisema mwanaume halipwi kwa kupiga kelele, na tangu siku ile hajakanyaga mlango wa ukumbi wowote. Mwezi wa nane akaniambia mwenyewe, "Kwaya ikienda kwa Ottmar, na mimi niwekeeni kiti." Nilidhani ana homa. Na pale hotelini tulipokula baada ya mchezo uliona mwenyewe, alivyokushika mkono kwa mikono yake yote miwili na kukuambia mbele ya watu wote, "Sasa nimejua ulikwenda wapi."

Ambacho hukukiona ni kwamba kwenye basi alilia. Aligeukia dirishani, kofia juu ya magoti, akadhani hatumwoni.

Nina furaha mpaka nimemkatia mke wa mchungaji nyama kilo mbili badala ya moja.

Dada yako,
Zenzi


Weddelstadt, 26 Oktoba 1991

Dada Zenzi,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, koti bado mwilini. Nashukuru mmefika salama.

Koo langu bado bovu. Ndiyo maana mle hotelini nilikuwa nanong'ona tu. Daktari amenikataza kusema hata "habari za asubuhi". Nanunua mkate kwa kuonyesha kidole.

Yule kijana anaitwa Malte Brüggen, mwimbaji wa ukumbi mwingine huko kaskazini. Ni mtu mzuri sana. Makofi yale aliyastahili. Nitakueleza siku nyingine.

Msalimie Baba. Usimwache asimulie mno, watu watachoka.

Ottmar


Oberweiching, 4 Novemba 1991

Ottmar,

Kuchoka? Watu wanakuja dukani bila haja ya nyama! Baba ameweka picha yako dirishani, na taji lako kichwani, kati ya paja lililokaushwa kwa moshi na kichwa cha nguruwe. Ukimuuliza tu, "Mzee Korbinian, ilikuwaje huko?" basi umekwisha. Jinsi mfalme alivyomfukuza binti yake. Jinsi alivyoshuka kwenye mgodi wa chumvi kumtafuta na kumkuta amekufa humo. Jinsi ulivyopiga goti, ukamwinua, ukapanda naye ngazi zile zote. Juzi alichukua nusu ya nguruwe mzima akamwonyesha mke wa mwalimu jinsi ulivyobeba. Miaka themanini na minne! Mama wa watu akatoka mweupe kama unga, hakununua kitu.

Kuhusu nyimbo zenyewe hasemi neno, lakini Baba na muziki unawajua.

Sasa sikia habari mbili. Kwanza, tarehe 7 Desemba anatimiza themanini na mitano. Amekodi ukumbi wa wazima moto, na ameshatangaza kwa kijiji kizima kwamba utakuja kuimba. Hajakuuliza, najua. Baba huyo.

Pili, kile kibao cha juu ya mlango. Unakumbuka kiliandikwa "Gehrlein na Mwana", na wiki ile uliyoondoka akapanda ngazi mwenyewe akapaka rangi juu ya "na Mwana". Basi amemwita mchoraji ayarudishe maneno yale. Nikamwambia, "Baba, huyo mwana hajawahi kukuuzia hata soseji moja, na mimi ninayekata nyama hapa tangu nina meno ya utoto?" Akasema, "Wewe jina lako litakaa juu ya kaburi langu, utasimamia kila kitu." Sijui kama ni sifa au ni nini.

Mchoraji anakuja baada ya sikukuu yake ya kuzaliwa.

Mbona barua yako ilikuwa fupi hivyo? Umekatazwa kusema, hukukatazwa kuandika.

Zenzi


Weddelstadt, 9 Novemba 1991

Dada Zenzi,

Kaa chini kwanza. Kama uko dukani, nenda nyuma.

Jumapili ile mimi sikuimba. Hata neno moja.

Koo lilinifunga tangu Ijumaa. Jumapili asubuhi nilifungua mdomo ikatoka sauti ya bawaba ya mlango wa ghala. Ukumbi ukapiga simu kila mji kutafuta mtu anayeijua sehemu ya mfalme, wakampata Malte, akapanda treni, akafika tunakunywa supu ya mchana. Nyimbo anazijua, lakini asimame wapi, ashuke ngazi ipi, ambebe nani, hajui. Huku kwetu likitokea hilo, mgonjwa anavaa nguo zake anacheza mchezo wote, anachezesha midomo, na mzima anasimama pembeni ya jukwaa na suti yake na kitabu chake cha muziki, anaimba. Hakuna anayedanganywa. Kikaratasi kinabandikwa mlangoni, mkurugenzi anatoka mbele ya pazia anaeleza, watu wanampigia makofi yule mgeni, kazi inaanza.

Mkurugenzi alitoka akaeleza. Ninyi mlikuwa bado mnamchangamsha mama wa mkahawa. Kikaratasi mlikipita mbio. Na Malte alisimama chini kabisa ya roshani yenu, mahali pekee ambapo hamwezi kumwona. Yule mama wa kwenye foleni ya choo alikuwa anamsema yeye.

Hadi hapo si kosa la mtu. Kosa langu linaanzia hotelini.

Nilikuja mezani nimejipanga. Nilikuwa nimeandika kabisa kwenye karatasi, "Leo aliyeimba ni mwenzangu, mimi naumwa," nikaikunja mfukoni niwaonyeshe, kwa sababu sauti sina. Kabla sijaitoa, Baba akainuka. Unajua tangu lini hajanishika mkono? Tangu nilipomwambia naenda chuo cha muziki, ana kisu mkononi, akakiweka mezani polepole. Kila ukumbi ulioniajiri nilimtumia tiketi, na kila tiketi ilirudi imefungwa kwenye karatasi ya kufungia soseji, bila neno. Nimeimba miji saba, Zenzi. Nimekuwa shetani wa watu wengi. Waandishi wa magazeti wamenisifu, wengine wamenitukana, na yote nimeyachukulia kama mvua. Nilichokuwa nataka ni huyu mzee mmoja akae kwenye kiti anisikilize.

Na amekuja, na amemsikiliza mtu mwingine.

Aliposema "Sasa nimejua ulikwenda wapi", mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika ile karatasi. Nikauacha ubaki humo humo. Hilo moja. La pili ni baya kuliko hilo: nilifurahi. Niliketi pale mwendo wa masaa mawili, nakula nyama, nagongeshwa bia nisizozinywa, kila mtu ananipiga mgongoni kwa sauti ya Malte, na nilikuwa na furaha kama bwana harusi. Malte yuko kwenye treni na mkate wake wa jibini, mimi ninakula sifa zake.

Kisha unaniandikia habari za kibao. Tangu jana sijalala vizuri. Baba anarudisha "na Mwana" kwa ajili ya koo la mtoto wa watu kutoka kaskazini.

Sijui nifanye nini. Wewe ndiye mkubwa, niambie.

Ottmar


Oberweiching, 13 Novemba 1991

Ottmar,

Kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka Wendelin, aliyekuja kununua maini, akauliza kama naumwa. Nikamtazama Wendelin nikacheka zaidi. Bwana huyu amewaambia watu wa vijiji vitatu kwamba yeye, kwa sikio lake la kiongozi wa kwaya, alitambua tangu noti ya kwanza ile sauti ya ukoo wa Gehrlein.

Kisha nikakasirika. Wewe ulikuwa unafungua na kufunga mdomo kama samaki kwenye beseni, na mimi juu huko naloweka leso! Ya kwangu na ya Baba!

Kisha nikarudi nyuma, nikakaa juu ya pipa, nikalia kidogo. Karatasi mfukoni. Mjinga wewe. Ungeitoa.

Uliniuliza, nakujibu. Mimi simwambii. Utamwandikia mwenyewe, kabla ya tarehe saba, na barua nitampa mkononi. Sitaki mzee wangu asimame mbele ya kijiji kizima ajivunie uongo, halafu siku moja asikie ukweli kwa mtu wa mtaani. Ukija hapa kuimba bila kumwambia jambo hilo, nakuapia, nitazima umeme wa ukumbi. Swichi naijua ilipo.

Na atakachosema, atasema. Umeshaishi bila mkono wake miaka yote hiyo, hutakufa.

Kunywa maziwa ya moto.

Zenzi


Weddelstadt, 17 Novemba 1991

Baba,

Mimi si mwandishi, utanivumilia.

Siku ile mlipokuja sikuimba. Nilikuwa sina sauti. Mwenzangu anaitwa Malte Brüggen alisimama pembeni akaimba, mimi nikacheza tu. Watu wote ukumbini waliambiwa isipokuwa ninyi, kwa sababu mlichelewa. Ningeweza kuwaambia hotelini. Sikuwaambia. Uliniambia neno nililolingojea tangu ujana, nikaogopa ukijua utalirudisha.

Neno lile ni la Malte. Naomba unisamehe. Mchoraji mwambie asije.

Koo limepona. Daktari ameniruhusu kuimba kuanzia wiki ijayo. Kama bado unataka nije tarehe saba nitakuja, na nitawaambia watu wote mimi mwenyewe. Kama hutaki, nitaelewa.

Mwanao,
Ottmar


Oberweiching, 24 Novemba 1991

Ottmar.

Zenzi alinipa barua yako akasimama pale pale kunitazama usoni. Nikamfukuza. Nimeisoma mara mbili.

Unasema aliyeimba ni kijana mwingine. Sawa. Mimi sikumsikia.

Sikumsikia yeye, sikuwasikia wapiga fidla, sikusikia hata makofi. Masikio yangu yamekwisha. La kushoto liliondoka taratibu na mashine ya kusaga nyama, la kulia likalifuata msimu wa baridi uliopita. Nasoma midomo. Wateja wanataka vitu vile vile kila siku, si kazi ngumu. Simu namwachia Zenzi, namwambia simu ni ya wanawake. Usimwambie. Ataniletea daktari.

Unataka kujua kwa nini nilikuja mwaka huu, nitakuambia, kwa kuwa na wewe umeniambia. Miaka yote niliogopa. Mimi muziki siujui. Niliona nitakaa pale kati ya watu waliosoma, mtu ataniuliza, "Mzee, umeonaje sauti ya mwanao?" na mimi nitasema upuuzi, na wewe utaona haya. Nikarudisha tiketi. Masikio yalipokufa nikasema, haya, sasa hakuna cha kuelewa wala cha kutoelewa, naweza kwenda kumwangalia mtoto wangu.

Basi nikaangalia. Nilimwona mtu mkubwa amemfukuza binti yake kwa kiburi, halafu anamtafuta. Nikajiona mimi. Kisha ukapiga goti la kushoto kwanza, mgongo wima, mzigo karibu na kifua, ukanyanyuka kwa mapaja. Wengine wote mle jukwaani walikuwa wanabebana kwa kiuno, kama watu wanaotaka kuumia. Wewe ulibeba kama nilivyokufundisha kubeba nyama pale kwenye chumba cha baridi, ukiwa na miaka kumi na minne. Hujasahau. Ulikwenda kote huko na hukuacha nyumbani kitu.

Hicho ndicho nilichokisema hotelini. Huyo Malte alikubebea ngazi ile? Hakukubebea. Basi neno ni lako na sirudishi kitu.

Mchoraji atakuja.

Linaloniuma ni jingine. Nilipokuwa na masikio sikuja. Hilo kosa ni langu, na hakuna wa kuniimbia pembeni.

Njoo tarehe saba. Na huyo kijana mlete. Ale.

Baba


Oberweiching, 9 Desemba 1991

Ottmar,

Treni yenu haijafika hata Nürnberg, huku watu wameshagombana. Kijiji kimegawanyika. Nusu wanasema Malte ana sauti nzuri kuliko wewe, nusu wanasema wewe. Wendelin hayumo kokote, bado yuko kitandani kwa aibu. Uliposimama ukasema, "Huyu hapa ndiye mliyemlilia," nilikuwa namtazama Wendelin tu, si wewe. Uso ulipanda rangi zote za dirisha la kanisa. Sikio la kiongozi wa kwaya! Watoto wanamfungulia midomo kama samaki kila anapochungulia nje. Nimempelekea mchuzi, ananiambia, "Zenzi, sema ukweli, watu wananicheka?" Nikamwambia ndiyo.

Malte nampenda. Kijana anakula bila kuona haya. Mwambie mke wa mwalimu ameuliza kama ameoa.

Na wewe uliimba vizuri. Nasema hivyo kwa sababu safari hii nilikaa mbele kabisa nikahakikisha sauti inatoka mdomoni kwako na si kwingine. Si ya miaka thelathini. Ni ya mtu mzima, ina mikwaruzo yake, na niliisikia tumboni. Hii ndiyo niliyokuwa naisikia kupitia ukuta ulipokuwa unajifanyia mazoezi chumbani na Baba anagonga kwa fagio.

Lakini kuna jambo hukunieleza. Kwa nini Baba alipanda na kiti chake jukwaani, akakaa nyuma yako, akakuwekea kiganja mgongoni kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho? Watu wa nyuma walidhani amelewa. Mke wa mchungaji alidhani anakubariki. Mimi nilimwona usoni. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu kama mtu aliyeingiza miguu kwenye maji ya moto.

Jana nikasimama nyuma yake dukani nikasema, kwa sauti kabisa, "Baba, duka linaungua." Akaendelea kukata mbavu.

Basi nimeelewa. Wewe unajua na hukuniambia, tutazungumza. Yeye nitamwacha mpaka Krismasi ipite, kisha nitampeleka kwa daktari hata kwa kumfunga kamba.

Mchoraji amemaliza leo asubuhi. Amenikuta mimi peke yangu, Baba yuko chumba cha baridi. Kwa hiyo kibao sasa kinasomeka "Gehrlein, Mwana na Binti". Baba alitoka nje, akakitazama muda mrefu, akasema herufi za mwisho zimebanana. Basi.

Zenzi


Oberweiching, 11 Desemba 1991

Ottmar.

Noti za juu zilifika vidoleni tu. Za katikati zilifika kwenye kifundo cha mkono. Ile ya chini kabisa, uliyoishika muda mrefu, ilipanda mpaka kiwikoni, ikaingia begani, na mpaka leo nikikaa kimya bado ipo.

Imba zaidi hizo za chini.

Na mgongo wako umekonda, nimeuhisi. Zenzi anakutumia soseji.

Baba